Tundu la Chaji Likilegea, Usikimbilie Mkopo



Wiki hii ukurasa wetu wa nyumbani unashughulikia kitu chenye ukubwa wa punje ya haragwe, ambacho kimekwisha kuzitoa nyumba nyingi fedha bila sababu. Kitu hicho ni tundu la kuchajia la kompyuta mpakato, yaani ile kompyuta ya kufunika ambayo wengi wetu huiita laptopu.

Zamani vitu vya thamani katika nyumba ya askari vilikuwa redio, baiskeli na cherehani. Siku hizi katika nyumba nyingi kimeongezeka cha nne, nacho ni kompyuta. Aghalabu hununuliwa ikiwa imekwisha kutumika kwingine, na hulipiwa kwa akiba ya miezi mingi. Ndani yake hukaa mambo ambayo hayauzwi dukani: kazi za mtoto aliye chuoni, nakala za vyeti, picha za arusi, na barua za mzee anayefuatilia pensheni yake. Tangu Machi 2007 wanajeshi wa Uganda wamekuwa wakitumikia Somalia chini ya Umoja wa Afrika, na si ajabu siku hizi kuona mama na watoto wameizunguka kompyuta, wakizungumza na baba aliye mbali na kumwona sura.

Basi siku moja chaja huchomekwa, na ile taa ndogo haiwaki. Mtoto huichezesha ncha ya waya, taa ikawaka. Akiuachia waya, ikazimika. Baada ya wiki moja haiwaki tena hata ikibembelezwa. Hapo nyumba nzima hutoa hukumu kwamba kompyuta imekufa. Fundi wa kwanza akiulizwa husema bodi imeungua. Baba hujaza fomu ya mkopo katika chama cha akiba na mikopo, mshahara ukakatwa mwezi baada ya mwezi, na mashine ya zamani ikatupwa juu ya kabati. Huenda kilichokuwa kimeharibika ni fyuzi ya plagi tu, au kipande kidogo cha chuma na plastiki ambacho fundi mwangalifu angekibadilisha kwa siku moja.

Neno langu la leo ni hili: tundu lililovunjika si kompyuta iliyokufa. Mwenye nyumba anayejua kupima jambo hatua kwa hatua, kuanzia lisilogharimu chochote hadi lile la gharama, aghalabu ataokoa mashine yake na mshahara wake pia. Lakini kabla ya kupima lolote, kuna jambo moja ambalo halingoji.

OKOA KILICHOMO KWANZA

Mashine ambayo tundu lake limeanza kusumbua huwa bado ina pumzi katika betri, na pumzi hiyo si ya kuchezewa. Watu wengi huimaliza katika kujaribu. Huwasha na kuzima, huchezesha waya, hutazama kama taa itawaka, mpaka betri ikakauka kabisa. Hapo ndipo mtoto hukumbuka kwamba kazi yake ya kumalizia masomo imo humo ndani, na inatakiwa Ijumaa.

Kwa hiyo, mara tu uonapo chaji inakatika na kurudi, acha mambo mengine yote. Punguza mwangaza wa kioo, zima intaneti, na ufunge programu usizozihitaji. Chomeka flashi au diski ya nje, kisha unakili kwa utaratibu. Kwanza zinakiliwe nyaraka ambazo haziwezi kuandikwa upya, kama vile kazi za shule, vyeti, hati za kiwanja na barua za pensheni. Pili ni picha za familia. Nyimbo na filamu ziwe za mwisho, kwani hizo zaweza kupatikana tena. Ukimaliza, ifungue flashi hiyo katika kompyuta nyingine ili uhakikishe kwamba vitu vyote vimo na vinasomeka.

Ikiwa betri imekwisha kuzimika, usikate tamaa. Tundu la chaji na diski inayohifadhi kazi zako ni vitu viwili mbalimbali. Katika kompyuta nyingi, hasa zile nene za miaka iliyopita, diski huweza kutolewa na kusomwa na kompyuta nyingine kwa waya maalumu. Lakini yafaa ujue mambo mawili. Katika baadhi ya kompyuta nyembamba za siku hizi hifadhi imelehemiwa kwenye bodi, hivyo haitoki. Tena, baadhi ya kompyuta za Windows hufunga diski kwa ufunguo wa siri wenye tarakimu 48, na bila ufunguo huo diski haisomeki mahali pengine. Utafute ufunguo wako mapema ukiwa na raha, uuandike katika daftari, na ulifungie daftari hilo pamoja na hati zako nyingine.

TUNDU LENYEWE LINAFANYAJE KAZI

Matundu tunayokutana nayo sana ni ya aina mbili. Aina ya kwanza ni lile la mviringo. Ncha ya chaja ni kama bomba dogo, na ndani ya tundu mna pini katikati na bati la pembeni lenye chemchemi. Umeme huingia kwa njia moja na kurudi kwa njia nyingine. Chaja nyingi za aina hii hutoa volti kati ya 18.5 na 20. Tazama mgongoni mwa kisanduku cha chaja, nawe utaona maandishi kama haya: OUTPUT 19V 3.42A. Maana yake ni kwamba chaja hutoa volti 19, na inaweza kutoa ampea hadi 3.42. Zidisha moja kwa nyingine, nawe utapata wati 65 hivi. Hesabu hiyo ndogo itakufaa sana utakapokuwa dukani.

Katika kompyuta nyingi za Dell na HP zenye tundu la mviringo mna pini nyembamba kabisa katikati. Pini hiyo haipitishi umeme wa kuchajia. Kazi yake ni kuiarifu kompyuta kwamba chaja iliyochomekwa ni ya namna gani. Ikipinda au kuvunjika, kompyuta yaweza kuwaka vizuri ikiwa imechomekwa, huku ikikataa kuchaji betri. Dell zenyewe huandika kwenye kioo kwamba aina ya chaja haikuweza kutambuliwa. Mtu asiyejua husema betri imekufa, akanunua betri mpya, na ugonjwa ukabaki palepale.

Aina ya pili ni lile tundu jembamba la duaradufu ambalo ncha yake huingia kwa upande wowote. Jina lake ni USB-C, nalo lilitangazwa mwaka 2014. Ndani yake mna miguso midogo 24. Hapa chaja na kompyuta huanza kwa kuulizana na kukubaliana volti. Huanzia volti 5, na kwa kompyuta aghalabu hupanda hadi 20. Ndiyo sababu chaja ndogo ya simu, hata kama ncha yake inaingia sawasawa, haiwezi kuilisha kompyuta inayotaka wati 45 au 65. Aina hii inazidi kuenea, kwani sheria ya Umoja wa Ulaya inataka kompyuta mpakato mpya zinazouzwa huko ziwe na tundu hilo kuanzia 28 Aprili 2026.

KWA NINI HUHARIBIKA

Tundu la chaji haliharibiwi na umeme peke yake. Adui yake mkubwa ni nguvu ya mkono na ya mguu. Ncha ya chaja ikichomekwa hutokeza nje ya mashine, nayo huwa kama mtaimbo. Mtoto akijikwaa katika waya, au mtu akiiweka kompyuta kitandani na ncha ikabanwa na godoro, nguvu ndogo ya nje huwa nguvu kubwa kule ndani, mahali ambapo vipande vya tundu vimeshikwa na lehemu. Lehemu hupasuka kidogo kidogo. Ufa huo hauonekani kwa macho, lakini umeme huuona.

Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa kwamba umeme unapopita mahali penye ukinzani hutoa joto. Haya, tufanye hesabu ya darasani. Ampea 3.42 zikipita katika mguso mbovu wenye ukinzani wa omu 1, joto linalotoka ni karibu wati 12. Chuma kidogo cha kulehemu cha fundi wa redio kina wati 25 au 30. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya moto wa fundi unawaka ndani ya tundu lenye ukubwa wa haragwe, kando ya plastiki, juu ya godoro. Usishangae basi unapoona plastiki imeyeyuka na kuwa nyeusi.

Ndiyo maana haifai hata kidogo ile desturi ya kuufunga waya kwa raba, au kuukandamiza kwa kitabu na jiwe ili chaji isikatike. Anayefanya hivyo hajatengeneza kitu. Ameulazimisha umeme upite katika ufa, na joto litaongezeka siku kwa siku.

Waundaji wenyewe wa kompyuta walilijua tatizo hili. Mwaka 2006 kampuni ya Apple ilitoa chaja inayoshikwa kwa sumaku, ili mtu akijikwaa waya uachie wenyewe na mashine isianguke. Miaka kumi baadaye ilianza kuiacha katika kompyuta zake kubwa na kutumia USB-C, kisha mwaka 2021 ikairudisha. Ikiwa kampuni tajiri kama hiyo ilirudi nyuma kwa ajili ya mguu wa mtu anayejikwaa, sisi nasi hatuna budi kuuheshimu waya unaopita sebuleni.

TAFUTA UGONJWA HATUA KWA HATUA

Sasa umekwisha kuokoa kazi zako, na mashine imenyamaza. Chukua karatasi, uandike kila unachokiona, na ufuate hatua hizi bila kuruka hata moja.

Kwanza, ichunguze soketi ya ukutani. Chomeka hapo chaja ya simu au taa. Hutaamini ni mara ngapi ugonjwa huishia hapo.

Pili, itazame plagi. Plagi ya miguu mitatu tuitumiayo Uganda ni ile ya Kiingereza ambayo kanuni yake ilitolewa mwaka 1947, nayo hukaa na fyuzi ndani. Fyuzi ikiungua, chaja nzima huonekana imekufa. Badilisha kwa fyuzi yenye ampea zilezile zilizoandikwa juu ya ile ya zamani. Kamwe usiweke waya, wala ile karatasi ya fedha ya paketi ya sigara. Fyuzi ni mlinzi, na atakayemwondoa mlinzi lindoni asilaumu mwizi.

Tatu, jaribu waya unaotoka ukutani hadi kwenye kisanduku cha chaja. Waya huu huchomoka, na mara nyingi wa jirani hufaa. Umbo la ncha yake ndilo litakalokuongoza.

Nne, itazame taa ya kisanduku, ikiwa ipo. Isipowaka baada ya kubadili soketi, fyuzi na waya, basi huenda chaja ndiyo mgonjwa. Ikiwa inawaka vizuri, lakini huzimika mara tu uichomekapo katika kompyuta, hiyo ni dalili ya shoti ndani ya tundu au ndani ya mashine. Chomoa mara moja, wala usirudie kujaribu.

Tano, azima chaja ya jirani. Hapa kuna sheria tatu. Volti ziwe sawa na za chaja yako. Ampea ziwe sawa au zaidi, kwa sababu kompyuta huchukua kadiri inayohitaji tu. Ncha iwe ya umbo lilelile, na ule mchoro mdogo wa alama za kujumlisha na kutoa uwe sawa. Chaja ya jirani ikifanya kazi, tundu lako ni zima, nawe utanunua chaja peke yake. Yako ikifanya kazi katika kompyuta ya jirani na ikashindwa katika yako, lawama imehamia upande wa mashine.

Sita, usikilize waya. Ikiwa chaji inakatika unapogusa shingo ya waya huku ncha imetulia, basi uzi wa ndani ya waya umekatika. Ikiwa inakatika unapogusa ncha yenyewe, na ncha inapwaya, basi tundu limelegea.

Saba, zima kompyuta, chomoa kila kitu, umulike tundu kwa tochi. Je, pini imepinda? Kuna weusi wa kuungua? Kuna vumbi na nyuzi za nguo? Takataka hizo, hasa katika tundu la USB-C, huizuia ncha isifike mwisho. Zitoe polepole kwa kijiti cha meno cha mti na brashi laini iliyo kavu. Usitumie sindano, pini wala ncha ya kisu.

Nane, ikiwa betri ya kompyuta yako hutolewa kwa nje, itoe, ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 huku chaja imechomolewa, kisha uchomeke chaja bila betri na ujaribu kuwasha. Ikiwaka, umeme unapita katika tundu, na huenda betri ndiyo iliyochoka.

Tisa, tazama kama kompyuta yako ina tundu jingine. Zipo zenye matundu mawili ya USB-C ambayo yote hupokea chaji, na zipo zenye tundu la mviringo ambazo pia huchajiwa kwa USB-C. Tundu la pili likikubali, nyumba imepata muda wa kupumua. Watoto watamaliza kazi zao, nawe utatafuta fundi bila haraka.

MAMBO YA HATARI

Ukisikia harufu ya kuungua, ukiona cheche, au mahali pa tundu pakiwa na moto usioshikika, zima umeme ukutani kwanza, ndipo uchomoe. Usiiache mashine ya namna hiyo ikichaji usiku watu wamelala.

Itazame betri pia. Kompyuta ikianza kuvimba chini, au kibao cha kuchezeshea kidole kikainuka chenyewe, betri ya lithiamu imejaa gesi. Usiichaji, usiibonyeze, usiitoboe. Iweke mahali pa saruji mbali na watoto na vitu vinavyoshika moto, kisha utafute fundi anayezijua.

Na hicho kisanduku cha chaja kisifunguliwe nyumbani. Umeme wetu wa volti 240 ukigeuzwa ndani yake hufikia volti 340 hivi, na vifaa vya ndani vyaweza kuuhifadhi kwa muda hata baada ya kuchomolewa. Ushujaa wa askari una mahali pake, na hapa sipo.

KWA FUNDI

Ikiwa hatua zote zimeonyesha kwamba tundu ndilo lililoharibika, sasa ni kazi ya fundi. Yafaa ujue kwamba matundu hufungwa kwa njia mbili. Katika kompyuta nyingi tundu limeunganishwa na bodi kwa waya mfupi. Fundi hufungua mfuniko, hulegeza skrubu, huchomoa tundu la zamani na kuchomeka jipya, bila kulehemu kitu. Katika nyingine tundu limelehemiwa juu ya bodi yenyewe, na hapo ndipo ufundi unapohitajika hasa. Tangu Julai 2006 sheria ya Ulaya iliviwekea vifaa vya elektroniki mipaka mikali ya madini ya risasi, na watengenezaji wengi wakaanza kutumia lehemu isiyo na risasi. Lehemu hiyo aghalabu huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi za Selsiasi, hali ile ya zamani iliyotumiwa sana na mafundi huyeyuka kwenye nyuzi 183. Fundi mwenye chuma dhaifu, akikosa subira na kuvuta tundu kwa nguvu, huling'oa pamoja na njia za shaba zilizo chini yake. Hivyo ugonjwa mdogo hugeuzwa kuwa mkubwa.

Tuseme mke wa sajenti amepeleka mashine dukani. Mazungumzo mema yaweza kuwa kama haya:

"Mama, bodi hii imekwisha. Niachie, nami nitakuuzia nyingine kwa bei ya kupunguza."

"Asante, fundi. Lakini kabla ya kuizika, nionyeshe maiti. Pima kwa mita kama volti za chaja zinafika nyuma ya tundu."

"Kwani mama, wewe nawe ni fundi?"

"Hapana, mwanangu. Mimi ndimi mwenye mashine. Zikifika volti kumi na tisa, nitakubali kwamba ugonjwa uko mbele. Zisipofika, nibadilishie tundu, na lile la zamani unirudishie mkononi."

Maneno hayo hayana ukali, na fundi wa kweli hayachukii. Atafurahi kwamba anamhudumia mtu anayeelewa. Zaidi ya hayo, uliza maswali manne. Je, tundu la mashine hii ni la waya au la kulehemiwa? Bei ya kipande ni kiasi gani, na ya kazi ni kiasi gani? Ugonjwa ukirudi katika mwezi mmoja, atatengeneza bila malipo? Je, kazi itafanyika mbele yako? Majibu yaandikwe katika risiti pamoja na namba ya mashine iliyo chini yake. Kumbuka kuchukua vipimo vyako vya nyumbani katika karatasi ile, maana vitamwokolea fundi saa nzima.

Kubadilisha tundu hakuhitaji kabisa kusoma yaliyomo katika diski. Kwa hiyo usitoe neno lako la siri. Ikiwa diski hutoka, itoe ubaki nayo nyumbani, au umwombe fundi aitoe mbele yako. Fundi akitaka kuwasha mashine ili ahakikishe taa ya chaji, asimame na kuwasha ukiwapo.

MASHINE YA SERIKALI

Hapa nina neno la pekee kwa ndugu askari wa jeshi na polisi. Yote niliyoyasema yahusu mashine yako mwenyewe. Kompyuta uliyokabidhiwa kazini, hata kama tundu lake limelegea kidogo tu, si ya kupelekwa kwa fundi wa sokoni, wala si ya kufunguliwa nyumbani kwa bisibisi. Mna humo habari zisizo zako. Mwarifu mkuu wako na mhusika wa vifaa wa kikosi, uandike tarehe na hali uliyoiona, na uache njia rasmi ifuatwe. Kadhalika, usinakili kazi za ofisini katika flashi ya nyumbani kwa kisingizio cha kuziokoa. Kuokoa huko kuna utaratibu wake, na mwenye kuuamuru si wewe.

JINSI YA KUZUIA

Mwishowe, matunzo. Shika ncha unapochomoa, usivute waya. Ingiza na kutoa kwa mstari ulionyooka, bila kuzungusha. Usibebe mashine kutoka chumba hadi chumba ikiwa imechomekwa, wala usiitie mfukoni ncha ikiwa bado ndani. Waya upitishwe nyuma ya meza, karibu na ukuta, pasipopitwa na watoto. Anayependa kufanyia kazi kitandani na atumie betri, kisha achajie mezani. Jenereta ya kambi ikianza kuyumba na taa zikawa zinafifia na kuwaka, chomoa chaja ungoje umeme utulie. Na kila mwisho wa mwezi, siku ile ile unapopanga matumizi ya mshahara, nakili kazi za familia katika flashi, uifungie mahali pakavu.

Je, kuna wakati ambapo kununua nyingine ni sawa? Upo. Ikiwa bodi imeungua kweli, na umeonyeshwa kwa mita. Ikiwa betri imevimba, kioo kimepasuka na tundu limevunjika kwa pamoja. Au ikiwa bei ya matengenezo inakaribia bei ya mashine nyingine ya hali ileile, basi heri kuiaga. Hata hapo, toa diski kwanza. Lakini uamuzi huo na uje mwisho wa safari, baada ya soketi, fyuzi, waya, chaja, tundu na betri vyote kuulizwa kila kimoja kwa zamu yake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili wengi wetu tumekuwa tukijenga ukuta mahali ambapo hata ufa haujatafutwa.

Baba aliye mbali na kituo chake cha nyumbani hawezi kuja kutazama tundu la chaji. Mama, kijana wa sekondari na binti aliye chuoni wanaweza. Ukate ukurasa huu, uubandike ndani ya mlango wa kabati karibu na mahali mnapowekea chaja, na siku taa ndogo itakapokataa kuwaka, msomeane hatua moja baada ya nyingine kabla mtu yeyote hajataja neno mkopo.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya betri za umeme wa jua: namna ya kuzitunza ili zisife kabla ya wakati wake. Hadi hapo, nawatakieni nyumba zenye amani na zamu njema.